Kipimo cha kigae na kipimo cha mtu: Historia fupi ya vigae vya mwerezi katika Amerika ya Kaskazini

0. Utangulizi

Paa la nyumba ni jambo la hesabu kabla ya kuwa jambo la nyundo. Anayeezeka kwa makuti huhesabu makuti, anayeezeka kwa mabati huhesabu mabati. Katika Amerika ya Kaskazini, ambako kwa zaidi ya karne tatu nyumba nyingi zimeezekwa kwa vipande vyembamba vya mbao, fundi huanza kazi yake kwa swali moja: kigae kiwe na urefu gani? Swali hilo laonekana dogo, na siku hizi hujibiwa kwa kutazama jedwali. Lakini jedwali hilo lina historia, nayo yawahusu watu wengi ambao hawakupata kulala chini ya paa walilolikatia vigae. Baadhi ya mababu wa watu hao walitoka Afrika ya Kati.

Makala haya yanafuata kipimo cha kigae katika hatua nne. Kwanza yanaeleza kanuni ambayo kwayo urefu huchaguliwa. Pili yanaonyesha jinsi msitu ulivyowaamulia wajenzi wa karne ya 18. Tatu yanaingia katika kinamasi cha Virginia na Carolina ya Kaskazini, ambako kigae kilikuwa kipimo cha kazi ya mtumwa. Nne yanafika katika viwanda vya pwani ya Pasifiki, ambako vipimo vya leo vilipata umbo lao.

Neno lenyewe lahitaji ufafanuzi. Kiswahili kimelipata neno mwerezi kutoka Kiarabu, na wasomaji wa Biblia hulijua kwa sababu ya mierezi ya Lebanoni. Walowezi Waingereza waliofika Amerika katika karne ya 17 walifanya kama wafanyavyo wasemaji wa lugha zote wahamapo: waliipa miti mipya jina la zamani. Miti waliyoiita mierezi si jamaa ya ule wa Lebanoni. Wa mashariki, Chamaecyparis thyoides, huota katika vinamasi vya pwani ya Atlantiki. Wa magharibi, Thuja plicata, huota katika misitu ya mvua ya pwani ya Pasifiki. Kilichoiunganisha katika jina moja ni harufu nzuri, wepesi wa mbao, na uwezo wa kukaa muda mrefu katika unyevu bila kuoza. Sifa mbili za mwisho ndizo zinazotakiwa na paa.

1. Kanuni ya theluthi

Kigae cha ubao hakizuii mvua peke yake. Kati ya kigae na jirani yake mna nafasi ndogo, ambayo fundi huiacha makusudi ili ubao upate pa kutanukia uloapo. Maji hupenya katika nafasi hiyo. Huzuiwa kwa sababu chini yake kuna kigae cha pili, na chini ya cha pili kuna cha tatu. Basi paa zuri ni lile ambalo kila mahali lina tabaka tatu.

Kutokana na hayo yatokea kanuni ambayo mafundi waliijua kwa mikono kabla haijaandikwa: sehemu ya kigae inayoachwa wazi kwa jua na mvua isizidi theluthi moja ya urefu wake. Theluthi mbili zilizobaki hufichwa chini ya safu za juu. Vipimo vinavyotumika leo kwa vigae vya daraja la kwanza vyafuata kanuni hiyo. Kigae cha inchi 16, yaani kama sentimita 41, huachwa wazi kwa inchi 5. Cha inchi 18, kama sentimita 46, kwa inchi 5 na nusu. Cha inchi 24, kama sentimita 61, kwa inchi 7 na nusu. Katika kila hali sehemu iliyo wazi ni pungufu kidogo ya theluthi.

Kanuni hiyo yafaa kwa paa lenye mteremko wa kutosha, yaani linalopanda angalau sentimita 33 kwa kila mita moja ya kwenda mbele. Paa likiwa limelala zaidi, maji huenda polepole na upepo huyasukuma kurudi juu. Hapo fundi hutaka tabaka nne, na kigae cha inchi 16 huachwa wazi kwa inchi 3 na robo tatu tu. Chini ya sentimita 25 kwa mita, vigae vya mbao havifai.

Tofauti ya urefu yaonekana katika kazi. Upande wa paa wenye makombamoyo ya mita 6 wahitaji safu 48 hivi za vigae vya inchi 16, bali safu 32 hivi za vile vya inchi 24. Kigae kirefu hupunguza misumari na siku za kazi, na safu zake pana hupendeza juu ya nyumba kubwa. Kigae kifupi hufuata vizuri zaidi paa dogo lenye pembe nyingi. Jambo moja haliandikwi katika jedwali: kigae kirefu hudai mti bora. Shina lazima liwe limenyooka na lisiwe na vifundo katika urefu wote wa kigae. Kwa hiyo anayechagua urefu wa kigae amekwisha kuchagua umri wa mti.

2. Mti wachagua kabla ya fundi

Katika New Jersey, New York na Pennsylvania za karne ya 18, vigae vya futi 3, yaani sentimita 91, vilikuwa vya kawaida, na futi moja hivi ya kila kigae iliachwa wazi. Vilitengenezwa kwa mkono. Gogo lilikatwa vipande vyenye urefu wa kigae. Kila kipande kilisimamishwa na kupasuliwa kwa kisu kizito kilichopigwa kwa rungu la mti, kisha ubao uliopatikana ulilainishwa na kupunguzwa upande mmoja kwa kisu chenye mipini miwili. Kupasua kulikuwa bora kuliko kukata kwa msumeno, kwa sababu ufa hufuata nyuzi za mti. Nyuzi zisizokatwa huyaongoza maji kuteremka, wala hazimpi unyevu mlango.

Mwaka 1748 alifika Pennsylvania mtaalamu wa mimea Pehr Kalm, mwanafunzi wa Linnaeus, aliyetumwa kutoka Sweden. Katika safari zake alizitazama nyumba za Philadelphia na New York zilizoezekwa kwa mwerezi mweupe, kisha akavitazama vinamasi vilivyotoa mwerezi huo. Aliona kwamba miti ilikuwa ikimalizwa bila uangalifu. Aliona na jambo la pili, ambalo lastahili kukumbukwa na kila mwanahistoria wa ujenzi: kwa kuwa vigae hivyo vilikuwa vyepesi, watu walijenga kuta nyembamba. Siku ambayo mwerezi ungekwisha, kuta hizo zisingeweza kubeba vigae vya udongo. Wenye nyumba wangelazimika kubomoa nyumba nzima ili wabadilishe paa tu.

Onyo la Kalm lina maana pana kuliko paa. Uchaguzi wa kitu kilicho juu hufunga uchaguzi wa kilicho chini, na kinachoonekana kuwa rahisi leo huandikwa kama deni katika kuta za kesho.

Ukweli wa onyo hilo ulidhihirika karibu na Dennisville, kusini mwa New Jersey, katika karne ya 19. Huko watu waliligeukia hata gogo lililozikwa. Chini ya matope ya kinamasi walilala mierezi mikubwa iliyoanguka zamani sana, na mbao zake zilikuwa bado nzima. Mchimbaji aliingiza fimbo ya chuma mpaka ikagonga gogo, akatoa kibanzi, akakinusa. Kwa harufu alijua kama mti uling'olewa na upepo ukiwa hai au ulianguka ukiwa tayari umeoza. Ukiwa mzima, uliinuliwa na kukatwa vigae. Nchi iliyoanza kwa kuona kwamba msitu hauna mwisho ilikuwa sasa ikiezeka nyumba zake kwa miti ya makaburini.

3. Kinamasi na kazi ya mtumwa

Kusini zaidi, kwenye mpaka wa Virginia na Carolina ya Kaskazini, kuna kinamasi kikubwa kiitwacho Great Dismal Swamp. Mwaka 1763 matajiri kadhaa wa Virginia, akiwamo George Washington, walianzisha kampuni ya kukikausha ili wapate mashamba. Ukaushaji haukufaulu kama walivyotumaini, na faida ikatafutwa katika miti, hasa katika vigae vya mwerezi. Mwaka 1793 ulianza kuchimbwa mfereji wa kukivuka kinamasi, nao ulifunguliwa mwaka 1805. Waliouchimba walikuwa watumwa. Moses Grandy, mtumwa wa Carolina ya Kaskazini aliyeendesha mashua katika mifereji hiyo, aliyeununua uhuru wake mara tatu kwa sababu mara mbili alidanganywa, aliwaeleza katika kitabu chake kilichochapishwa London mwaka 1843: watu waliofanya kazi ndani ya maji na matope mpaka kiunoni na zaidi.

Hapa ndipo historia hii inapogusa Afrika ya Kati. Mwezi wa Agosti 1619, Waafrika wa kwanza wanaotajwa katika kumbukumbu za koloni la Virginia waliteremshwa Point Comfort, mahali pasipo mbali na kinamasi hicho. Walikuwa wametekwa katika nchi ya Ndongo na kupakiwa Luanda. Katika karne iliyofuata, meli zilizoleta watumwa Virginia zilitoka pwani nyingi za Afrika, na miongoni mwa pwani hizo zilikuwamo za Angola na Loango. Msitu ulipohitaji mikono, mikono iliyoingia ilikuwa ya wazao wa safari hizo.

Kazi ya vigae haikufanana na kazi ya shamba la tumbaku. Mwandishi Frederick Law Olmsted, aliyepita huko na kuchapisha habari za safari yake mwaka 1856, aliieleza hivi kwa maana. Wengi wa wakata vigae walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao kwa mwaka mzima. Waliingia kinamasini, wakajenga vibanda vyao, wakakaa miezi mingi bila msimamizi wa kusimama nyuma yao na kiboko. Walichodaiwa ni hesabu. Mwisho wa kipindi mtu alitakiwa awe amekata vigae vya kutosha kulipa kodi aliyopewa bwana wake pamoja na chakula na nguo alizochukua. Kilichozidi kililipwa yeye.

Ni vema kuona kigae kilikuwa kimegeuka nini. Kwa mwenye nyumba kilikuwa kinga ya mvua. Kwa kampuni kilikuwa bidhaa iliyohesabiwa kwa maelfu na kupangwa kwa urefu. Kwa mkataji kilikuwa kipimo cha siku zake: idadi fulani ya vigae vya urefu fulani ndiyo iliyotenganisha sehemu ya maisha yake iliyokuwa ya bwana na sehemu ndogo iliyokuwa yake.

Lakini kipimo kina tabia moja ambayo mwenye kukiweka hakuikusudia. Kigae chenye urefu uliotakiwa ni sawa na kigae kingine chenye urefu huohuo. Hakionyeshi mkono uliokikata. Ndani ya kinamasi, katika vijisiwa vya nchi kavu, waliishi watoro, yaani watumwa waliokimbia, na wengine walizaliwa humohumo. Watoro hao walifanya kazi kwa siri pamoja na wakata vigae. Mtoro alikata vigae, mkataji aliyekodishwa akaviingiza katika hesabu yake, na mtoro akapokea unga, nyama au nguo. Vigae vilitoka kwa mashua na kupandishwa juu ya nyumba za watu ambao mbwa wao walimtafuta aliyevikata. Tangu mwanzo wa karne ya 21 wataalamu wa akiolojia wakiongozwa na Daniel Sayers wamechimba katika vijisiwa hivyo, wakapata alama za vibanda na vipande vidogo vya zana vilivyotumika tena na tena. Maisha ya watoro hayakuwa hadithi tu.

4. Inchi za mtu

Mabwana walilijua jambo hilo, na kwa kuwa kigae hakikuweza kuulizwa, waliamua kumuuliza mtu. Mwaka 1847 bunge la Carolina ya Kaskazini lilipitisha sheria ya kuwakamata watoro wa kinamasi. Kila mtumwa aliyepelekwa kufanya kazi humo alipaswa kuandikishwa kwa karani wa mahakama, pamoja na maelezo ya mwili wake. Daftari za wilaya ya Gates za miaka 1847 hadi 1861 zimehifadhiwa. Ndani yake mtu ametajwa kwa jina, umri, rangi ya ngozi, makovu yake na mahali yalipo, na kimo chake kwa futi na inchi.

Msomaji wa daftari hizo hawezi kukosa kuona mlingano huo. Inchi ileile iliyopima kigae ilimpima mkataji. Kigae kilipimwa ili kiweze kubadilishwa na kingine bila hasara. Mtu alipimwa ili asiweze kubadilishwa na mwingine. Kigae kilikataliwa kikiwa na kifundo. Kovu la mtu liliandikwa kwa uangalifu, kwa sababu lilisaidia kumrudisha. Na hata hivyo daftari hizo, zilizotungwa ili kumfunga mtu, leo ni miongoni mwa maandishi machache yanayotupa majina ya walioezeka miji ya pwani ya Marekani. Wajukuu wanaotafuta mababu zao huyasoma kwa kusudi lililo kinyume cha lile la karani.

5. Mashine na vidole

Baada ya vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 utumwa ulikomeshwa, na katika miongo iliyofuata kitovu cha biashara ya vigae kilihamia upande wa pili wa bara, kwenye mierezi mikubwa ya jimbo la Washington na ya British Columbia nchini Kanada. Reli ilivichukua vigae hadi miji ya mashariki. Kisu cha kupasulia kilirithiwa na msumeno wa mviringo unaoendeshwa kwa mvuke, na urefu wa kigae, uliokuwa desturi ya mahali na mahali, uliwekwa katika aina tatu: inchi 16, 18 na 24, zilizopewa majina ya biashara Fivex, Perfection na Royal. Jina la kwanza latokana na unene: vigae 5 vikipangwa pamoja, ncha zao nene hufanya inchi 2. Vile vya inchi 18 ni vinene kidogo zaidi, na vile vya inchi 24 hufikia nusu inchi.

Usawa huo ulilipiwa. Mkataji alisimama mbele ya msumeno usio na kinga, mkono mmoja ukipokea kigae kilichokatwa na mwingine ukikinyoosha kingo zake, maelfu kwa maelfu kwa siku. Kati ya wafanyakazi hao, mtu mwenye vidole vyote kumi alikuwa mgeni wa kazi. Vumbi la mwerezi wa magharibi liliingia vifuani na kuleta pumu. Waliitwa wafumaji wa vigae, kwa sababu mikono ya wapangaji, ikivilaza vipande katika mafungu kwa kupishanisha, ilifanana na mikono ya mfumaji.

Mwaka 1916 wafumaji wa mji wa Everett waligoma, wakidai warudishiwe mshahara uliopunguzwa. Tarehe 5 Novemba mwaka huo, meli Verona ilifika bandarini ikiwa na wanachama wa chama cha wafanyakazi waliokuja kuwaunga mkono. Risasi zilifyatuliwa. Watu wasiopungua saba walikufa, watano wa upande wa wafanyakazi na wawili wa upande wa walinzi wa mkuu wa polisi.

6. Hitimisho

Mwenye nyumba anayeuliza leo ni kigae gani kinachofaa anastahili jibu la wazi. Apime kwanza mteremko wa paa lake. Achague urefu unaolingana na ukubwa wa nyumba, aache wazi chini ya theluthi, na apishanishe viungo vya kila safu ili kisiwepo kinachokutana na cha chini yake. Paa hilo halitavuja. Jibu hilo ni sahihi, na lilikuwa sahihi pia mwaka 1750 na mwaka 1850.

Historia yaongeza kwamba neno kufaa lina pande nyingi. Kigae cha futi 3 kilifaa paa la Philadelphia, lakini hakikufaa kinamasi kilichokitoa. Kigae kilichohesabiwa kwa maelfu kilifaa daftari la kampuni, na bila kukusudiwa kilimfaa pia mtoro aliyejificha ndani ya hesabu hiyo. Mierezi ya Great Dismal Swamp haikurudi kama ilivyokuwa. Kinamasi hicho kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974, kisha kimbunga cha mwaka 2003 kiliangusha sehemu kubwa ya mierezi iliyosalia, na mioto ya miaka 2008 na 2011 iliunguza udongo wenyewe mahali ambapo michipukizi ilikuwa imepandwa.

Kwa wanafunzi wa vyuo vya Kongo, ambao wamezoea kusoma historia ya nchi yao katika hesabu za kilo za mpira na tani za shaba, habari hii ya mbali yaweza kuwa ya karibu. Kila kipimo cha bidhaa, kikisomwa kwa subira, huonyesha mtu aliyewekwa chini yake ili apimwe. Kazi ya mwanahistoria ni kumtafuta mtu huyo, hata pale ambapo kilichobaki kwake ni jina, kovu, na kimo kwa futi na inchi.